Uzi Kwenye Kikombe cha Punje

Nyumba ile ilikuwa na sheria kumi na moja, zote zimeandikwa na muuguzi kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kabati la vyombo. Bibi alizishika kichwani kama alivyoshika zamani vipimo vya wateja wake. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto. Mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, kavaa nepi, soksi na kofia tu. Wageni waishie mlangoni. Maziwa ya mama yakamuliwe, mtoto anyweshwe kwa kikombe kila baada ya saa mbili, mililita ishirini na tano, awe macho au awe usingizini. Na ile ya mwisho ilipigiwa mistari miwili chini yake: Alhamisi aletwe kupimwa. Akiwa ameongezeka uzito, abaki nyumbani. Akiwa amepungua, atalazwa tena.

Leo ilikuwa Jumanne.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kiume, kazaliwa wiki nane kabla ya siku zake. Watu humwita mtoto wa namna hiyo njiti, na Bibi hakulipenda hilo neno. "Njiti huwashwa mara moja ikaisha," aliwaambia. "Huyu ni punje. Punje ni ndogo hivyo hivyo, lakini ukiitunza inaota." Basi jina likashika, akawa Punje. Yeye Bibi, kwa utani wa bibi na mjukuu, alimwita pia "mume wangu".

Binti yake, mama wa Punje, alikaa hospitali wiki tano akimtazama mwanawe ndani ya kikasha cha kioo, akiruhusiwa kumgusa kwa mkono mmoja tu kupitia kitundu. Siku waliyotoka, pale getini, aligeuka akalitazama jengo akasema, "Mama, humu mimi sirudi. Wakimweka tena mle ndani, na mimi wanitafutie kitanda cha vichaa." Alisema kama anatania. Bibi alimtazama macho, akajua hatanii.

Nyumbani walijigawia kifua. Asubuhi Bibi, mchana mama mtu, jioni baba, ambaye alikuwa mwoka mikate na alirudi kutoka kazini kifua bado kina joto la tanuri. "Toa mkate, weka mtoto," binti humwambia mumewe kila akiingia, naye hujibu, "Huyu hajaiva, mrudishe." Kucheka kwao kulikuwa ndiko huko.

Kikombe kilikuwa kazi ya Bibi. Kilikuwa kile kidogo cha plastiki cha kupimia dawa, kipana mdomoni, chembamba kitakoni. Vya wodini viliisha, muuguzi akatoa hiki mfukoni mwa koti lake mwenyewe, na Bibi hakuusahau wema ule. Ila mistari ya vipimo haikuwa na rangi, ilikuwa plastiki juu ya plastiki, na macho ya Bibi yaliishia kwenye matundu ya sindano miaka mingi iliyopita. Basi siku ya kwanza tu alimwomba binti yake amwonyeshe ishirini na tano iko wapi, akakata uzi mwekundu wa pamba, akauzungushia kikombe pale pale kwenye mstari, akaukaza kwa fundo la fundi cherehani, fundo lisilofunguka.

"Wewe kazi yako ni maziwa na kulala," alimwambia binti. "Kikombe niachie mimi."

Na kweli aliachiwa. Kila baada ya saa mbili alimimina maziwa mpaka kwenye uzi, akamnywesha Punje kidogo kidogo, kisha akakiosha kikombe kwa sabuni na kukitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Mara kumi na mbili kwa siku, usiku na mchana. Binti aliandika kwenye daftari: ishirini na tano, ishirini na tano, ishirini na tano.

Jumanne hiyo asubuhi alifika shangazi wa upande wa baba. Aliita hodi akiwa bado barabarani.

"Siingii! Karatasi yenu nimeielewa, hata mlango sijaugusa!"

"Karibu hapo hapo ulipo," Bibi akamjibu huku Punje yuko kifuani mwake ndani ya gauni.

Shangazi alikuwa ameleta nepi za kitambaa, dazeni nzima, kazifua na kuzipiga pasi pande zote mbili ili wadudu wafe. Bibi aliona mikunjo ilivyonyooka, akajua mtu huyu alikesha na pasi. Alizipokea kwa mikono miwili.

"Tangu juzi nikipita hapa sisikii hata kilio," shangazi akasema. "Mtoto mpole jamani! Wangu walikuwa wakilia mpaka jirani akahama."

"Mume wangu ana adabu," Bibi akajibu, na fahari ikamjaa. "Hapigi kelele mbele ya mkewe."

Wakacheka. Kisha shangazi akamtazama mama mtoto aliyesimama nyuma na kikombe cha kukamulia mkononi. "Ila mwanangu, mbona haongezeki? Yatazame maziwa yako yasije yakawa mepesi. Kuna maziwa mengine ni maji yenye rangi tu."

Hakuwa na ubaya. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake kuwa ana uzi begani. Lakini Bibi alimwona binti yake akirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, mpaka akaishia jikoni.

Alipomfuata alimkuta amesimama mbele ya friji wazi.

"Mama, mbona maziwa yanabaki? Hii chupa ya jana. Hii ya leo alfajiri. Mimi nakamua ya kumtosha, kila siku yanabaki."

"Yakibaki ni baraka. Kuna wanaolia hawana hata tone."

"Labda hayataki. Labda ni mepesi kweli."

"Usianze," Bibi akasema, akaifunga friji. Baadaye angeukumbuka mlango ule wa friji na kujiuliza ni kitu gani kilikuwa kimemziba macho.

Saa nne ikafika. Bibi alijaza kikombe mpaka kwenye uzi, akaketi, akamwinua Punje kichwa kwa kiganja, akagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini. Siku zote hapo Punje hutoa ulimi kama paka mdogo. Leo hakuutoa. Maziwa yalimwagika yakapita kidevuni yakaingia shingoni.

"Mume wangu," Bibi akamwita. "Amka, meza iko tayari."

Alimtekenya nyayo. Hakuna. Alimvua soksi moja ili amtekenye vizuri, ndipo alipoushika mguu. Ulikuwa wa baridi kama kijiko kilicholala nje.

Bibi hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alimvisha soksi. Aliweka kiganja juu ya mgongo ule mdogo, akahesabu pumzi: moja, mbili, tatu, kisha ikapita nafasi ndefu kuliko alivyopenda, kisha nne. Hapo akamwita binti yake kwa sauti ile ile ya kumwita mtu aje kula.

"Njoo uketi. Fungua vifungo. Mchukue, mfunike na blanketi lile zito. Usimtoe hapo kifuani mpaka nikuambie."

"Kuna nini?"

"Ana baridi kidogo. Mimi nampigia muuguzi."

"Mama, kuna nini?"

"Mpe joto kwanza, mwanangu. Maswali baadaye."

Chini ya ile karatasi muuguzi alikuwa ameandika namba yake mwenyewe ya simu, jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha. Bibi aliingia jikoni, akaufunga mlango, akaipiga. Muuguzi alipokea kwenye mlio wa pili.

"Hataki kunywa," Bibi akasema, "na miguu ni ya baridi."

"Anapumua sawa?"

"Anapumua, ila anapumzika katikati."

"Analia?"

"Halii. Ni mpole sana huyu, tangu juzi hajatusumbua hata mara moja."

"Bibi, nisikilize. Mtoto wa umri huo asipolia kudai chakula si mpole. Ameishiwa nguvu. Anakunywa kiasi gani?"

"Ishirini na tano kila mara, haipungui. Nimeweka alama ya uzi."

"Uzi gani?"

"Uzi nimeufunga kwenye kikombe, kwenye mstari wenyewe."

"Mnalo lile bomba la sindano nililowapa, lisilo na sindano? Jaza maji mpaka kwenye uzi wako, uyavute, uniambie yanafika wapi. Fanya sasa hivi, nasubiri."

Bibi alivaa miwani. Alijaza maji yaliyochemshwa mpaka kwenye uzi. Aliyavuta kwa bomba, akalipeleka dirishani kwenye mwanga. Akatazama. Akayarudisha, akavuta tena.

"Bibi?"

"Kumi na sita," Bibi akasema.

Alikiinua kikombe. Pale juu, mbali na uzi, aliuona sasa mstari wa ishirini na tano, mweupe juu ya weupe, na uzi mwekundu umeshuka chini yake umekaza kwenye sehemu nyembamba kama mkanda uliomlegea mtu kiunoni ukaenda kukamata miguuni. Hakuhitaji kuambiwa. Pamba! Pamba ikionja maji ya moto hurudi, hunywea, hata mtoto wa fundi anajua. Miaka arobaini aliwaimbia wanafunzi wake wa kushona: loweka kitambaa kwanza, kirudi kikiwa mikononi mwako, kisije kikarudi mwilini kwa mteja. Yeye mwenyewe akakata uzi mbichi akaufunga kwenye kikombe cha mjukuu wake, akauchemsha siku tano. Kila ulipochemka ulinywea, na kila uliponywea uliteleza kidogo kuelekea kitakoni. Mganga hajigangi.

"Mleteni," muuguzi alikuwa akisema. "Asitoke kifuani kwa mama yake. Vuteni maziwa kwenye bomba, mmpe matone shavuni njia nzima, tone, ameze, tone. Nitakuwa mlangoni."

Simu ikakatika. Bibi alibaki na kikombe. Aliukata uzi kwa mkasi, akautia mfukoni mwa gauni. Hakuna aliyeuona. Binti yake alikuwa chumbani, muuguzi ana watoto thelathini wa kuhangaikia, na daftari lilisema ishirini na tano, ishirini na tano. Aliliona wazo hilo likipita mbele yake kama mtu anayepita dirishani. Hakulikaribisha, lakini hakulifukuza pia. Alitoka mbio.

Jirani alikuwa seremala. Tangu Alhamisi aliyotoka Punje hospitali, mashine yake ya kupasulia mbao ilikuwa ikinyamaza kila saa ambayo mtoto analala, na hakuna aliyemwomba. Sasa alipomwona Bibi hana viatu hakuuliza.

"Hospitali?"

"Hospitali, fundi."

Alishusha meza isiyomalizika iliyokuwa nyuma ya pikapu yake, akavua shati lililojaa vumbi la mbao, akanawa mikono mpaka viwikoni, akavaa shati safi. Yote kwa muda ambao mtu mwingine angekuwa bado anatafuta funguo. Waliketi watatu mbele, Bibi katikati, binti dirishani na Punje kifuani mwake, kofia tu ikionekana.

Fundi aliendesha kama aliyebeba vioo. Kila shimo aliliona kabla halijafika. "Shikeni," alisema, na gari likapita taratibu upande mmoja, kisha wa pili.

Bibi alidondosha tone shavuni mwa Punje. Walisubiri. Koo halikucheza. Alimpapasa shavu kwa kidole. Koo likacheza mara moja.

"Amemeza," Bibi akasema.

Tone la pili. Kusubiri. Kumeza. La tatu likatoka nje.

"Ni maziwa yangu," binti akasema. Hakulia, na hilo lilimtisha Bibi kuliko machozi. "Shangazi kasema. Nimemshindisha mwanangu na maji. Wiki tano walimlea wale, siku tano tu mimi nimemharibu. Mimi sifai, mama. Wakimchukua wana haki."

Bibi aliuhisi uzi mfukoni. Ulikuwa mwepesi, haukuwa na uzito hata wa ukucha. Alijua akisema, huenda asiachiwe tena mtoto huyu, wala mwingine. Ni haki yao. Nani amkabidhi kikombe bibi kipofu anayejifanya anaona? Lakini pembeni yake mwanawe alikuwa akijivua umama kipande kipande, na yeye ndiye aliyeshika mkasi.

Aliutoa uzi, akauweka juu ya goti la binti yake.

"Maziwa yako hayana kasoro," akasema. "Huu uzi ulinywea. Niliuchemsha ukashuka, nikawa nampa kumi na sita nikidhani ni ishirini na tano. Wewe ulikamua ya kumtosha. Yale yaliyobaki kwenye friji ni haki yake, mimi ndiye niliyemnyima. Uliniuliza kwa nini yanabaki, nikakufungia mlango. Nisamehe, mwanangu."

Fundi alitazama barabara. Hakutazama kitu kingine chochote.

Binti aliutazama ule uzi. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe bomba."

Bibi akampa. Kutoka hapo ni yeye aliyedondosha matone, tone, kusubiri, tone, na mikono ya Bibi ikabaki mapajani haina kazi.

Muuguzi alikuwa mlangoni kama alivyoahidi. Punje alipita mikono mitatu kwa muda mfupi. Mizani ilisema gramu elfu moja mia saba hamsini na tano, na alitoka hapa na elfu moja mia nane. Walimchoma kisigino kuchukua damu, na Bibi, aliyesimama nje ya kioo, alisubiri kilio cha mchomo ule. Mtoto yeyote angelia. Punje alikunja uso tu, kama mzee aliyeamshwa vibaya, akalala. Sukari ilikuwa chini. Wakampitishia mrija mwembamba puani, wakaanza kumpa maziwa ya mama yake polepole. Kisha pazia likavutwa. Ndani walibaki mtoto, mama na muuguzi.

Bibi akaenda kukaa kwenye benchi la korido. Fundi alikuwa pale. Alikuwa amemtafutia ndara mahali, jozi kubwa ya kiume, akaziweka mbele ya miguu yake. Bibi akazivaa.

"Fundi, si ungerudi kazini?"

"Mbao hazina miguu, zitanisubiri." Akakaa kando yake. "Bibi, mimi niliwahi kutengeneza mlango, nikaukata mfupi. Nikaukata tena kurekebisha, ukawa dirisha."

Bibi akacheka bila kutaka.

"Mbao nikiiharibu naitia kwenye moto," fundi akaendelea. "Siwezi kuiomba radhi. Wewe umeomba. Nimesikia, samahani, masikio sikuyaacha nyumbani."

Walikaa. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale mmoja mwekundu uliotembea kwa kurukaruka, na Bibi aliuhesabu mpaka akapotea. Saa sita. Saa saba. Mwoka mikate alifika na unga bado nyusini, akampa mama mkwe mkono, akaingia ndani ya pazia. Hakutoka. Bibi aliwaza kwamba sasa wameshamwambia. Saa nane. Mtu alipita na ndoo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na yeye siku tatu nzima alikisikiliza kimya cha mjukuu wake akakiita adabu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Mwanzo ilikuwa kama mlango mkavu unaofunguliwa. Kisha ikashika pumzi, ikapanda, ikawa kilio kamili chenye hasira, cha mtu aliyecheleweshewa chakula na anayetaka kumwona mkubwa wa mahali hapa. Mgonjwa aliyekuwa akisinzia benchi la pili akashtuka.

"Nani huyo anayepiga kelele hivyo?" akanung'unika.

"Mume wangu," Bibi akasema, akajikuta amesimama.

Muuguzi alitoa kichwa. Uso wake ulikuwa umelegea. "Sukari imepanda. Na sasa anadai. Lakini sitawadanganya, leo hatoki. Atalala hapa mpaka aongezeke, siku mbili tatu. Hatuna haja ya kikasha, atakaa kifuani kwa mama yake, kitanda cha dirishani. Mama mtu kakubali."

Kwamba amekubali yeye aliyeapa kutorudi, Bibi alilipima neno hilo.

"Tunaruhusu ndugu mmoja wa kumsaidia," muuguzi akaendelea. "Baba anasema atabaki yeye."

"Ni sawa," Bibi akasema. "Baba ndiye anayefaa. Mimi nitawafulia."

Kutoka ndani sauti ya binti ikapanda juu ya kilio. "Baba ana tanuri alfajiri! Mwambie mama aingie."

Bibi alinawa mikono kwa sabuni, mbele, nyuma, katikati ya vidole, kama sheria ya kwanza inavyosema. Aliingia. Binti alikuwa ameketi kitandani, nywele zimemwangukia, Punje kifuani mwake mwekundu kama pilipili. Macho ya binti yalikuwa yamevimba, na hakutabasamu. Alimnyooshea mama yake kikombe kipya na bomba.

"Pima kwa bomba," akasema. "Halafu nionyeshe kabla hujampa. Kila mara."

"Kila mara," Bibi akasema.

"Na miwani uvae."

"Iko usoni, mwanangu."

"Ivute vizuri, mama. Imekaa puani kama imepanga chumba."

Bibi aliivuta. Aliyavuta maziwa kwenye bomba, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akalishusha mbele ya macho ya binti yake. Binti alitazama mstari kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ishirini na tano," akasema. "Mpe."

Punje hakungoja. Alikuwa ameshatoa ulimi.